Poka ya Punje za Pojo

Niwie radhi, ndugu msomaji, ikiwa ukurasa huu uliouzoea kwa mashairi, ngoma na mila unakuletea leo habari za karata. Mimi nimelelewa chuoni, na kwetu pwani chuo ni pale tulipokaa mkekani, msahafu juu ya marufaa na bakora ya mwalimu karibu. Si huko kwenye viti na mabweni. Mtu wa malezi hayo hana udhuru wa kutojua hukumu ya kamari. Sura ya al-Maida imeitia maisiri katika fungu moja na ulevi, na mwalimu wetu hakuhitaji kutufasiria mara mbili. Basi sikuja kuihalalisha. Nimekuja kueleza jambo nililoliona Kwa Vonza, kwani tangu nilione sijaweza kuzisoma habari za kamari magazetini kwa macho yale yale ya zamani.

Safari yenyewe haikuwa ya starehe. Dada yangu, mjane anayeishi kwa kuuza mahamri na mbaazi za nazi alfajiri, alinipigia simu usiku akilia. Mwanawe, anayesoma huko Ukambani, alikuwa ametumiwa karo ya muhula, shilingi 18,000, na karo haikufika ilikopelekwa. "Zimekwenda na ndege," akaniambia. Mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani kijana amekata tikiti akasafiri. Kumbe ni ile ndege ya simuni: kidude kinapaa kwenye kioo, na kadiri kinavyopaa ndivyo dau lako linavyozidishwa; ukibonyeza mapema umepata, kikitoweka kabla hujabonyeza umepoteza. Mambo yote hayo kwa sekunde chache, kisha ndege nyingine iko uwanjani inakungoja.

Nikapanda basi Mombasa, nikateremka Kibwezi katika kaunti ya Makueni, nikashika barabara ya lami ipitayo Mutomo hadi mjini Kitui, na hapo nikaingia matatu ya kuelekea Machakos. Kwa Vonza ni soko kando ya barabara hiyo. Nchi ni kame, miti ni ya miiba, na punda ndio wenye barabara, kila mmoja na madumu yake ya maji ubavuni. Palipokuwa zamani na Taasisi ya Kilimo ya Ukambani pakaanzishwa mwaka 2008 chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapewa hati yake kwa jina la South Eastern Kenya University. Tangu hapo vyumba vya kupanga vimeota kama uyoga, na kila penye vyumba vya wanafunzi pana simu, pana kuchoka, na pana fedha kidogo zinazokuja kwa vipindi. Hapo ndipo kamari inapopenda kukaa.

Nilifika magharibi imekwisha kuingia. Nilikuwa nimejipanga maneno yangu, makali, yenye vina kabisa. Mpwa wangu akanipokea mlangoni, "Shikamoo mjomba," macho chini. Nikamjibu marahaba, na kabla sijafungua kinywa nikaona ndani vijana wanane wameketi sakafuni kuzunguka meza ya mbao iliyokatwa miguu, karata mikononi, na mbele ya kila mmoja rundo la pojo, au ndengu kama waziitavyo huko. Damu ikanipanda. Karo imekwenda na ndege, naye yuko na karata!

Aliyenituliza ni mwenye nyumba, mzee wa Kikamba, mkulima, aliyekuwa ameketi kitini pembeni na sahani ya muthokoi. "Keti, mwalimu," alisema, kwa sababu ya kofia yangu. "Hapa hakuna shilingi. Hapa kuna maji." Akanieleza. Wapangaji wake tisa huchota maji kwa zamu, madumu ya lita 20, kutoka mahali ambapo si karibu. Kila Jumamosi hucheza poka. Mshindi wa kwanza hachoti siku saba, wa pili siku tano, wa tatu siku tatu. Wale sita waliobaki wanawachotea. Mwalimu wangu marehemu, najua, angesema hata hayo ni maisiri, maana kila anayepata anapata kwa kupoteza mwenziwe. Sikubishana na kaburi lake. Niliketi nikatazama.

Sisi wa pwani karata si wageni nazo. Majina tunayoziita tuliachiwa na Wareno: kopa, uru, shupaza, pau, na ree. Nimecheza wahedi na sitini barazani tangu ujana, na turufu nazijua. Lakini poka ni mchezo wa namna nyingine. Kila mchezaji hupewa karata mbili azifiche. Kisha katikati hufunuliwa tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Hizo tano ni za wote, na kila mtu huunda mkono bora wa karata tano kutokana na zile saba. Kabla ya kila ufunuo na baada ya ule wa mwisho watu hutia dau kwa zamu: unaweza kulifuata dau la mwenzio, kulipandisha, au kutupa karata zako na kukaa kando. Na ili watu wasikae tu wakingojea karata nzuri, wawili wanaofuata mgawaji kwa zamu hulazimika kutia kitu kabla hata ya kutazama walichopewa. Mmoja hutia dau dogo la lazima, mwenziwe dau kubwa la lazima.

Sasa shindano linatofautiana na mchezo wa kawaida kwa mambo mawili. La kwanza, unaingia na mtaji mmoja tu. Ukikwisha umesimama, hakuna kutia mkono mfukoni. La pili, dau la lazima hupanda kwa saa. Pale Kwa Vonza kila mmoja alianza na punje 100, madau ya lazima yakiwa punje 1 na punje 2, na kila dakika ishirini yakapandishwa.

Msichana mmoja kati yao, mwanafunzi wa hisabati, mwembamba, kilemba cha kijani, aliona ninavyohesabu kwa vidole akanionea huruma. "Mjomba, usihesabu karata. Hesabu mzunguko." Maana yake ni hii: meza ikizunguka mara moja, kila mtu atakuwa ametozwa punje 3 hata kama hakucheza lolote. Mwenye punje 100 ana mizunguko 33 ya kuishi. Anaweza kustahamili. Baadaye madau yakiwa 10 na 20, mzunguko mmoja ni punje 30, na mwenye punje zile zile 100 amebakiwa na mizunguko mitatu. Hakupoteza hata punje moja, na bado amekuwa maskini.

Hesabu hii si yake. Aliyeibuni ni Paul Magriel, Mmarekani mtaalamu wa hisabati na bingwa wa bakgamoni, na aliyeieneza ni Dan Harrington, mshindi wa ubingwa wa dunia wa mwaka 1995, katika vitabu alivyoanza kuvitoa mwaka 2004. Mwenye mizunguko zaidi ya 20 anacheza kwa nafasi, achague. Akishuka chini ya kumi, milango inafungwa mmoja mmoja. Akishuka chini ya mitano au sita, hana tena ruhusa ya kutia dau dogo la kujaribu: ama atie zote ama atupe, na atie zote yeye wa kwanza, ili wenzake ndio waogope. Kungoja karata nzuri katika hali hiyo ni kujifia taratibu kwa adabu.

Mkulima mwenye nyumba aliposikia hivyo alicheka. Kwao, alisema, mvua za kutegemewa ni za vuli, za Oktoba hadi Desemba, na mtu anayepanda mbegu zote kwa wingu la kwanza ni mjinga. Lakini anayekaa na mbegu ghalani hadi Desemba akingoja mvua iliyo kamili ni mjinga zaidi. Nikakumbuka bao letu la Kiswahili. Kete ni 64, kila mtu 32, na unapoanza unatandaza 10 tu. Zile 22 unazishika mkononi ukizinamua moja moja. Wachezaji wazuri niliowaona Mombasa na Lamu walijulikana kwa namna wanavyozitumia hizo 22.

Saa ya kwanza yule msichana hakufanya lolote la kutazamwa. Alitupa, akatupa, akatupa. Nilidhani ni woga. Vijana wengine walikuwa wanaingia katika kila mkono, wanacheka, punje zinaruka. Mmoja, anayesoma kilimo, alimaliza zake 100 kabla chai haijaiva, kwa sababu alikuwa na karata mbili za rangi moja na "moyo ulimwambia." Akaenda kutafuta dumu. Ndipo nikaelewa kuwa mapema katika shindano hakuna cha kukimbilia. Madau ni madogo, cha kushinda ni kidogo, ilhali cha kupoteza ni nafasi yako yote. Ukipata karata kubwa kweli, cheza kwa nguvu. Zilizobaki ziache zipite. Watu wengi hawawezi jambo hilo, kwani kutupa karata hakuna raha, na walikuja kwa ajili ya raha.

Jambo la pili alilonionyesha lilinigusa kama mtu wa mashairi. Alikuwa akitupa karata akiwa wa kwanza kusema, na karata zile zile, akiwa wa mwisho kusema, anazicheza. Nikamwuliza. Akajibu kuwa wa mwisho amekwisha sikia kila mtu. Laiti angejua anamwambia nani! Katika kujibizana, tangu enzi za Muyaka bin Haji na malumbano ya Mombasa na Lamu, anayejibu amekwisha yajua maneno ya mwenziwe, vina vyake na udhaifu wake. Anayeanza anarusha gizani. Na fumbo vile vile lina ndugu yake mezani. Anayetia dau kubwa hana kitu anatunga fumbo, na fumbo likitungwa kila ubeti halifumbi tena. Yeye alidanganya mara tatu tu usiku ule, na mara zote tatu alikuwa amekaa kimya muda mrefu kabla yake, hata watu wakaamini kuwa akisema ana la kusema.

Sasa nifike kwenye mkono ulionifanya niandike makala haya.

Walibaki wanne. Msichana alikuwa na punje 420, kijana mmoja wa ualimu 260, mpwa wangu 200, na wa nne, maskini ya Mungu, punje 20. Madau ya lazima yalikuwa 10 na 20. Kumbuka kwamba watatu ndio wanaopumzika na maji. Wa nne anabeba dumu. Huyu mwenye 20 alitupa karata zake. Mkono unaofuata zamu ya dau kubwa ilikuwa yake, yaani punje zake zote zingeingia kwa lazima, apende asipende. Msichana akatazama meza, akasukuma rundo lake lote mbele.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha tia 10 za lazima. Akazitazama karata zake: ree ya kopa na kumi ya uru. Nilimwona pumzi ikimbana. Alifikiri, akamtazama msichana usoni, na alisoma sawasawa, simnyimi haki yake. "Huna kitu," akamwambia. Akatia zote. Msichana akafunua nane na sita za pau. Kweli hakuwa na kitu. Zikafunuliwa tano za katikati, na ya nne yake ilikuwa nane ya shupaza. Mpwa wangu akasimama. Mwenye punje 20 akapiga kelele za furaha kama aliyetolewa kaburini: amekuwa wa tatu bila ya kucheza karata yoyote kwa dakika arobaini.

"Bahati mbaya," mpwa wangu akasema. "Nilikuwa mbele."

"Ulikuwa mbele kwa karata," msichana akamjibu, bila ya kejeli, kama mtu anayemsahihishia mwenziwe zoezi. Akachukua kalamu. Ree na kumi dhidi ya nane na sita za rangi moja hushinda karibu mara sita katika kumi. Vizuri. Akishinda atakuwa na punje 420, na kwa punje hizo, katika hali ile, anaweza kutazamia kwa wastani kupumzika siku tano na kidogo. Mara nne katika kumi hapati siku hata moja. Changanya yote, ni siku tatu na kidogo. Akitupa? Anabakiwa na punje 190, na jirani yake yuko njiani kutoka. Wastani wake ni kama siku nne. Basi alikataa nne akanunua tatu, na akaita ushujaa.

Hapa ndipo ilipo siri ya mashindano, na nimeambiwa hata wachezaji wa miaka mingi huwaponyoka. Punje unazopoteza zina thamani kubwa kuliko punje unazoshinda. Ukizidisha rundo lako mara mbili hukuzidisha nafasi yako mara mbili. Ukilipoteza umepoteza nafasi yote. Kwa hivyo mwenye rundo la kati, wakati mlango wa tuzo umekaribia, inambidi atupe karata ambazo siku nyingine angezibusu. Mwenye rundo kubwa analijua hilo, na ndiyo sababu msichana alisukuma akiwa na nane na sita: hakuwa anaamini karata zake, alikuwa anaamini kuwa wenzake wana cha kupoteza. Alicheza na hofu yao, na aliyemharibia hesabu ni yule tu aliyesahau kuogopa. Hata hivyo akamshinda.

Duniani huko mchezo huu umekuwa tasnia. Ubingwa wa Las Vegas ulianza mwaka 1970, watu wachache wakijuana kwa majina. Mwaka 1982 Jack Straus alibakiwa na kibao kimoja tu cha mchezo, na kutoka hicho kimoja akarudi akashinda shindano zima. Hekaya hiyo hutajwa hadi leo kila mtu anapotaka kukata tamaa. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, na hilo ndilo jina lake hasa, aliingia kwa kupitia shindano dogo la kompyuta lililomgharimu chini ya dola 100, akawashinda watu 838, akapata dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliokuja walikuwa 2,576. Kila mmoja alijiona yeye ndiye mhasibu.

Kijana wa ualimu alinisimulia hayo macho yakimetameta. Mimi nikawaomba wanisimulie habari za aliye bora kuliko wote, wakanitajia Stu Ungar. Huyu alishinda ubingwa huo mwaka 1980, akashinda 1981, na baada ya miaka mingi ya kupotea akarudi akashinda tena 1997, dola milioni moja. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli duni mjini humo humo, ana umri wa miaka 45, fedha zimekwisha. Mezani hakuwa na mpinzani. Lakini alikuwa akiondoka mezani anakwenda kwenye farasi, kwenye dadu, kwenye dawa za kulevya, na huko hakuna cha ree wala kumi. Wachezaji wenye akili, vijana walinieleza, hawaingizi katika shindano moja zaidi ya sehemu ndogo sana ya mtaji wao, moja katika mia au pungufu, maana hata aliye bora hushindwa mara nyingi zaidi kuliko anavyoshinda.

Nikamgeukia mpwa wangu. "Na wewe uliingiza sehemu gani?" Hakujibu.

Msichana ndiye aliyeichukua ile kalamu tena. Michezo ya namna ya ile ndege, alisema, hutangazwa na wenyewe kuwa inarudisha kama shilingi 97 katika kila 100. Watu husikia 97 wakafurahi. Lakini hiyo ni kila unapozungusha fedha. Shilingi 1,000 ukizizungusha zote mara 23, kwa wastani umebakiwa na nusu. Ukizizungusha mara 100, kwa wastani umebakiwa na shilingi 48. Na mara 100, kwa mchezo wa sekunde chache, ni muda wa kungojea muthokoi uive.

Nikaanza kupambanua jambo ambalo sheria zetu haziligusi sana. Katika shindano lile la pojo nilihesabu mambo manne: unajua kabla hujaketi utapoteza nini kwa upeo wake, unacheza na watu kama wewe, wanaokosea kama wewe, akili yako inaongeza kitu, na kuna saa ya kwisha. Ndege ya simuni haina hata moja. Haina mwisho, haina uso wa kusoma, haichoki, na hakuna kutupa karata kunakokusaidia isipokuwa kule kwa kwanza, kutoketi kabisa. Yale mashindano makubwa ya kubashiri mechi 17 za mpira nayo yako karibu na hapo. Kila mechi ina matokeo matatu. Zidisha tatu kwa tatu mara kumi na saba, utapata njia 129,140,163. Ni kweli Samuel Abisai alizoa zaidi ya shilingi milioni 221 mwezi Mei 2017, na Gordon Ogada zaidi ya milioni 230 mwezi Februari 2018. Tuliwaona wote wawili gazetini na hundi kubwa kama mlango. Waliozichanga hizo fedha hawakupigwa picha.

Mwaka 2017 kampuni ya GeoPoll iliwahoji vijana wa nchi kadhaa za Afrika kwa simu, na katika Kenya 76 katika kila 100 walisema wamewahi kucheza kamari. Serikali imehangaika nayo tangu wakati huo kama mtu anayefukuza kuku kwa mkono mmoja huku anamrushia mtama kwa mkono mwingine. Mwaka 2019 kodi ya asilimia 20 kwa kila dau iliwafanya SportPesa na Betin wafunge shughuli zao nchini kwa muda. Kisha kodi ikafutwa, ikarudi kwa asilimia 7.5, ikapanda 12.5, ikapanda 15. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalipigwa marufuku kwa siku 30. Kwa sheria ya fedha ya mwaka huo huo ushuru ukashushwa hadi asilimia 5, sasa ukitozwa pale unapotia fedha katika pochi ya kamari badala ya kwa kila dau, na asilimia 5 nyingine unapozitoa. Agosti 2025 Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, iliyoiondoa ile ya mwaka 1966, na kuunda mamlaka mpya ya kusimamia biashara hiyo. Sheria hiyo imeweka kima cha chini cha dau la mtandaoni kuwa shilingi 20.

Sina ugomvi na shilingi 20. Mtoto wa dada yangu hakuangamia kwa ukubwa wa dau. Aliniambia mwenyewe, tulipobaki wawili, kuwa alikuwa akitia shilingi 50, mara nyingine 100. Zilikwenda 18,000 kwa usiku mmoja na nusu ya asubuhi. Kilichomwua ni wingi wa mizunguko, kasi yake, na kukosa mtu wa kumwambia "simama, punje zimekwisha." Na tazama mwelekeo wa hiyo kodi: zamani ilikuwa inatozwa kila unapotia dau, kwa hivyo anayezungusha mara 300 alilipa mara 300, jambo ambalo angalau lilimkwaruza. Sasa analipa mara moja mlangoni, na humo ndani anazunguka bure. Sijui waliotunga waliliona hilo au hawakuliona. Mimi ningependa sheria inayohesabu mizunguko. Mtu atangaze kabla ya kuketi, kwa siku au kwa juma, upeo wa fedha atakazopoteza, na simu imfungie mlango zikifika, asiweze kuufungua hadi juma liishe. Na baina ya ndege na ndege pawepo muda wa mtu kunywa maji. Makampuni yatasema biashara itakufa. Yamkini, nayo yatakuwa yametueleza biashara yao inaishi kwa nini.

Wako watakaoniambia kuwa ningesema tu haramu nikanyamaza. Nimeisema, tangu aya ya kwanza. Lakini mpwa wangu naye ameisoma al-Maida, tena kwa tajiwidi nzuri kuliko yangu, na usiku ule aliifahamu hukumu huku kidole kinabonyeza. Kilichomfanya aiweke simu chini na kulia, aliniambia, si ile hofu ya moto, Mungu atusamehe sote wawili. Ni ile hesabu ya 48 kwenye karatasi ya msichana.

Asubuhi niliamshwa na mlio wa madumu. Alikuwa anatoka na wenzake watano kwenda kuchota, la kwake na la msichana pia. Nikafuatana naye hadi njiani, halafu nikapanda matatu kwenda Kitui. Fedha za karo nilikuwa nimezipata kwa kuuza baiskeli yangu na kukopa kidogo kwa rafiki. Nikazilipa benki mwenyewe, sikuzituma kwa simu yake, na stakabadhi nikaitia mfukoni mwa kanzu.

Niliporudi kumwaga akaniuliza risiti iko wapi. Nikamwambia ninayo, nitampelekea mamake.

"Huniamini, mjomba?"

Nikamwambia sijui bado, na kwamba matatu ya Kibwezi inaondoka saa nane.